Kipanya ni mwizi, au Kipanya ni sisi?

Kama wiki yako imekwenda mrama, pole. Kama imekwenda vizuri, usitutambie, wenzio tuna yetu. Leo naomba tuache kidogo habari za nani kamchuna nani na nani kaachwa kwenye mataa, tuzungumze habari za panya.

Najua umeshakunja uso. Panya? Ndiyo, panya. Ila simzungumzii yule anayekutafunia sketi kabatini. Namzungumzia yule wa Masoud, yule mdogo wa kwenye katuni, anayetamka waziwazi maneno ambayo wewe na mimi tunayasema tukishafunga mlango.

Chanzo cha yote ni ubishi. Nilikuwa kwa kinyozi Mwanjelwa, Mbeya, nasubiri zamu yangu. Gazeti lilikuwa linazunguka mkono kwa mkono mpaka limelainika kama leso. Jamaa mmoja, mpiga debe wa pale Kabwe, akaigonga katuni kwa kidole akasema, "Washkaji, huyu panya ni sisi. Huyu ndiye mwananchi wa kawaida, mnyonge." Saluni nzima ikaunga mkono. Nani siku hizi atakataa kuitwa mnyonge?

Sasa pembeni alikuwepo mzee mmoja Mhehe, amekuja kumwona bintiye aliyeolewa Uyole. Alipoingia alituamkia "Kamwene", nusu ya saluni ikamjibu na nusu ikamtumbulia macho. Mzee akaliomba gazeti, akalisogeza mbali na uso kama wafanyavyo wazee waliosahau miwani, akaangalia weee, kisha akalirudisha.

"Mwanangu," akamwambia mpiga debe, "kwetu panya siyo mnyonge. Panya ni mwizi. Mimi nina kihenge, nawajua hawa. Kama huyu ni ninyi, mmekula mahindi ya nani?"

"Shikamoo mzee. Sasa mbona hii ni katuni tu?"

"Marahaba. Najua ni katuni. Angetaka mnyonge angechora kondoo."

Kimya. Ikabaki mashine ya kunyolea peke yake ndiyo inayonguruma.

Nakwambia msomaji, sentensi hiyo ya kondoo nimetembea nayo kichwani tangu Mbeya mpaka Iringa, nikapita nayo Igawa, Makambako, Mafinga, nikashuka nayo Ipogolo. Kwa sababu mzee ana hoja. Sisi tumezoea kumcheka Kipanya kila asubuhi bila kujiuliza kwa nini mchoraji, katika wanyama wote wa nchi hii yenye Serengeti na Ruaha, alikwenda kumchukua mnyama ambaye kila mama anamtafutia dawa dukani.

Kwa wale waliozaliwa juzi, Masoud Kipanya jina lake ni Ali Masoud. Ndiye huyohuyo uliyemsikia redioni Clouds FM, ndiye wa Maisha Plus ya kwenye televisheni, na ndiye aliyewaacha watu midomo wazi Machi 2022 alipoonyesha gari la umeme alilolitengeneza hapahapa Bongo. Lakini hayo yote yamekuja juu ya panya. Ni wachoraji wachache sana ambao kiumbe wao amewameza mpaka jina. Mtaani ukisema Ali Masoud watu watakuuliza ni yupi. Ukisema Kipanya, hakuna swali.

Na siyo kwamba yeye ndiye wa kwanza kutuchekesha kwa kalamu. Wakubwa zetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kisha miaka ya 1970 likaja Sani, jina lililotokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Hilo ndilo lililotuharibu akili, hasa kwa mkono wa marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki 1986. Wangapi kati yenu mlichapwa kwa kukutwa na Sani ndani ya kitabu cha Jiografia?

Sasa angalia majina ya watu wa kwenye Sani. Kuna Pimbi. Kuna Ndumilakuwili. Pimbi ni mnyama, tena watu wa Iringa msiniambie hamumjui, maana majabali yenu ndiyo aina ya nyumba anayoipenda. Mdogo, hana mkia wa maana, na mtaani ukimwita mtu "we pimbi" ujue umetafuta ngumi. Ndumilakuwili naye ni nyoka, yule ambaye mkia wake butu unafanana na kichwa, hivyo watu wakasema ana vichwa viwili na anauma huku na huku. Kwenye Sani akawa mjanja wa mjini, na kwenye lugha yetu ni mnafiki wa kiwango cha juu.

Lakini hao wote ni watu waliopewa majina ya wanyama. Unamcheka mtu, jina la mnyama ni chumvi tu. Masoud akageuza meza. Yeye alileta mnyama mwenyewe, akampa akili ya mtu na mdomo wa mtu, halafu akamwachia aseme. Mara utamkuta pembeni ya picha kama hahusiki, mara ndiye mwenye picha yake. Wakubwa wanaongea, yeye yuko miguuni pao, anasikia.

Utaniuliza, si angemchukua Sungura? Sungura ndiye bingwa wetu wa hadithi tangu bibi zetu. Ni mdogo, mjanja, anamchezesha Fisi na Simba kama mpira wa makaratasi. Sikiliza. Sungura anakaa porini. Panya anakaa kwako. Sungura hajui kama jana ulilala na njaa, panya anajua, kwa sababu na yeye alilala na njaa. Panya anajua hela zimefichwa chini ya godoro upande gani. Anajua nani ameingia usiku na ametoka saa ngapi. Hakuna mwandishi wa habari wala askari kanzu anayeweza kuwa shahidi mzuri kuliko panya, kwa sababu hakuna anayenyamaza panya anapopita. Mtu akiona paka ataacha kula samaki, akiona mgeni atafunika sufuria. Akisikia panya darini anaendelea na mambo yake.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mchoraji.

Sasa turudi kwenye hoja ya wizi, maana ndiyo inayowasha.

Sisi Waswahili panya hatujawahi kumpa sifa hata moja. Paka akiondoka panya hutawala, maana yake ni kwamba utawala wa panya ni utawala wa fujo. Panya wengi hawachimbi shimo. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Januari 2015, mji ulikimbizana usiku, maduka yakafungwa, kisa ni vijana waliobatizwa jina la Panya Road. Hata Hiace za abiria tuliziita vipanya kwa jinsi zinavyochomeka kichwa popote palipo na upenyo, na wewe ndani umekunjwa kama nguo za mtumba.

Halafu kuna njia za panya. Hapa watu wa Mbeya mnisikilize vizuri, maana hili ni la kwenu. Tunduma, ambayo ilikuwa mkoa wa Mbeya mpaka ulipozaliwa mkoa wa Songwe mwaka 2016, ni mlango wa kwenda Zambia. Kasumulu, kule Kyela, ni mlango wa kwenda Malawi. Katika milango yote miwili kuna barabara ya lami yenye geti, bendera na watu wa ushuru. Na katika milango yote miwili, pembeni, kuna vijia vinavyopita kwenye mashamba na nyuma ya nyumba za watu. Hivyo ndivyo tunavyoviita njia za panya.

Sasa niambie, ni panya gani uliyewahi kumwona amebeba mfuko wa sukari mgongoni anavuka mpaka? Ni panya gani aliyemtangulizia askari chochote ili apite? Njia ni ya mtu, mzigo ni wa mtu, faida ni ya mtu, jina akasukumiwa panya. Kama kungekuwa na mahakama ya wanyama huyu angelipwa fidia.

Nilimwuliza mama mmoja mwenye shamba kule Mafinga kuhusu panya, nikitaka anichekeshe. Hakucheka. Ukanda wetu huu wa Nyanda za Juu Kusini ndio unaoilisha nchi mahindi. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, kabla hazijagawanywa na kuzaa Njombe na Katavi mwaka 2012 na Songwe baadaye, ndiyo ilikuwa mikoa minne mikuu ya chakula. Kwa hiyo panya wa huku siyo kichekesho. Kule Dar panya anakula sabuni na waya wa redio. Huku anafukua mbegu kabla haijaota, kisha anakuja kumalizia ghalani. Watu wanainua kihenge juu ya miguu, kila mguu wanauvalisha bati lililokunjwa kama faneli ili panya akipanda ateleze. Na bado anaingia. Yule panya shamba ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemfanyia utafiti miaka mingi, anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mama yule hakucheka. Ada ya mtoto iko mle kihengeni.

Basi mzee wetu wa saluni alipoona panya kwenye gazeti hakuona mnyonge. Aliona ada imetafunwa.

Hata hivyo naomba tupige hesabu kidogo, tena ya kijiweni. Tuseme panya mmoja anakula gramu tano za mahindi kwa siku. Gunia la kilo 100 litamchukua siku 20,000. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini, na yeye mwenyewe akiishi miaka miwili amezeeka, anaitwa babu. Kweli haji peke yake, na anachokichafua ni kingi kuliko anachokila. Lakini hata aje na ukoo mzima, na mashemeji, yapo magunia ambayo hawezi.

Mwaka wa fedha 2005/06 kwenye Benki Kuu yetu, kupitia akaunti moja iliyoitwa EPA, zilichotwa zaidi ya shilingi bilioni 133. Tulikuja kuambiwa vizuri mwaka 2008. Mwaka huohuo neno vijisenti likapata maana mpya, pale mkubwa mmoja alipolitumia kwa zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti ya ng'ambo. Na kila mwaka, mwezi Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inasomwa, na kila mwaka watu wanashika vichwa kama vile ni mara ya kwanza. Sasa weka picha hiyo mbele, halafu mchore Kipanya pembeni, ameshika punje yake moja. Umeona? Huna haja ya maneno. Ukubwa wa punje ndio utani wenyewe.

Ndiyo maana kondoo asingefaa. Kondoo angelia, tungemwonea huruma, tukafungua ukurasa wa michezo. Panya halii. Panya ni mwizi anayejijua, halafu anamwangalia mwizi mwenye tai, anashangaa. Mwizi mdogo akimshangaa mwizi mkubwa, hapo ndipo panapouma.

Huko duniani nako panya wamejaa katunini. Mickey wa Walt Disney amekuwepo tangu 1928, lakini huyo siku hizi ni kampuni kuliko panya, hana la kumwambia mtu. Yupo Mmarekani mwingine, Art Spiegelman, alichora kitabu kiitwacho Maus akiwafanya Wayahudi wa enzi za Hitler kuwa panya na Wajerumani kuwa paka. Hakuna kichekesho mle ndani, ni mkasa wa baba yake mzazi, na mwaka 1992 kilipewa tuzo ya Pulitzer. Na kama unataka panya wa kweli mwenye heshima zake, yupo Magawa, panya buku wetu aliyefundwa Morogoro, akapelekwa Cambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mwaka 2020 alivishwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Alifariki Januari 2022 akiwa ameshagundua mabomu zaidi ya mia moja. Kuna watu wana magari ya serikali na hawajagundua hata moja.

Lakini kiumbe wa katuni anayenisaidia kumwelewa Kipanya siyo panya. Ni kiumbe wa ajabu wa Kimarekani anaitwa Shmoo. Vuta kiti.

Mwaka 1948 mchoraji Al Capp, kwenye katuni yake ya Li'l Abner, alimleta mnyama mweupe, mnene, umbo lake kama pini ya mchezo wa kuangusha pini, asiye na mikono. Shmoo anataga mayai. Anatoa maziwa. Ukimkaanga ana ladha ya kuku, ukimbanika ana ladha ya nyama ya ng'ombe. Sharubu zake ni vijiti vya kuchokolea meno, macho yake ni vifungo. Anazaana haraka kuliko panya, halishwi chochote, na ukimwangalia kwa macho ya njaa anafurahi mpaka anakufa mwenyewe ili umpike. Yaani huyo ni mnyama, duka na bucha kwa pamoja.

Utadhani watu wote walishangilia. Wanakijiji walishangilia, ndiyo. Lakini mwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe mle katunini alichanganyikiwa. Nani atanunua nyama yake? Nani atakubali kibarua chake cha mshahara mbuzi kama nyumbani kuna Shmoo? Basi likaundwa jeshi la kuwaua Shmoo wote. Kosa lao ni moja tu, walikuwa wanashibisha watu bure.

Marekani ilitetemeka kwa vicheko. Watu wakanunua Shmoo wa plastiki, wa saa ya ukutani, wa kila namna. Halafu wakaanza kugombana: huyu mchoraji anawatukana matajiri au anawatukana wajamaa? Wa kulia walikasirika, wa kushoto nao walikasirika. Wakati huohuo bidhaa za Shmoo zinaingiza hela kama maji, na hela zinakwenda kwa walewale wanaochekwa. Mambo hayo!

Sasa, mtu wa Mbeya au Iringa akisoma hadithi ya Shmoo haoni maajabu. Anaona mahindi. Kwa sababu huku kwetu mwaka wa njaa ni msiba, na mwaka wa neema nao una matanga yake. Mvua ikinyesha vizuri kuanzia Ismani mpaka Mbozi, kila mtu akivuna, bei inaanguka, na mkulima anakaa juu ya magunia yake kama mfiwa. Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi. Ikasema sagisheni muuze unga, chakula kibaki ndani. Sababu ilieleweka, nchi isije ikalala njaa. Lakini mavuno yalipoingia, mahindi yalijaa, mnunuzi haonekani, na mikoa hii yote ikalia kwa shibe. Marufuku ilikuja kuondolewa, ila aliyekwishauza kwa bei ya kutupa hakurudishiwa kitu. Wakala wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa 2008, ndio kimbilio pale Makambako, na kila msimu mzuri stori ni ileile, kwamba mahindi ni mengi kuliko fungu la kuyanunulia.

Katika mwaka kama huo nani anafurahi? Mwenye njaa wa mjini anafurahi kidogo. Dalali anafurahi sana. Na panya. Panya hana habari na bei. Kwake mahindi ya bei mbaya na ya bei nzuri yana utamu uleule.

Hapo ndipo hawa wawili wanapokutana. Shmoo anatoa kila kitu, na kwa kutoa kwake tunawaona wale ambao shibe ya wengine inawaumiza. Kipanya hatoi kitu, anachukua, na kwa kuchukua kwake kidogo tunawaona wale wanaochukua kwa lori. Wote ni vioo, tofauti ni kwamba mmoja ukimtazama unamla, mwingine ukimtazama anakula kona.

Kuna kingine kinachonifurahisha kwa panya huyu, nacho ni maisha marefu. Vyama vingi viliporudi 1992 magazeti binafsi yalifumuka kama uyoga, haya ya udaku yakiwemo. Wakati huo huku Mbeya gazeti la leo lilikuwa linafika jioni, limepanda basi kutoka Dar, limepanda Kitonga, limesafiri zaidi ya kilomita 800, na wengi tulianza na katuni kabla ya kujua waziri gani kasema nini. Siku hizi Kipanya anafika kwa simu kabla hujanawa uso. Katikati hapo magazeti mangapi yamekufa? Mengine yalifungiwa. Septemba 2017 peke yake Mwanahalisi lilipigwa miezi 24 na Raia Mwema siku 90. Kipindi kile watu wengi walijifunza kuongea kwa kukohoa.

Katuni nayo haina kinga, sheria inaijua kama inavyoijua makala. Lakini panya ana bahati yake. Mwandishi akiandika "fulani mwizi" ameingia kwenye soo. Panya akiuliza tu, "Mbona unga umepungua?", utamshitaki kwa kifungu gani? Kauliza panya. Na ukija juu, umejitaja mwenyewe.

Sasa msomaji unataka kujua mimi niko upande gani, wa mpiga debe au wa mzee. Mimi niko na mzee, tena bila kona kona.

Mpiga debe anapenda Kipanya awe mnyonge kwa sababu mnyonge hana dhambi. Ni raha sana kuwa mnyonge, unacheka wakubwa na unalala. Lakini nenda Uyole msimu wa viazi uone lumbesa. Gunia limejazwa, likashonewa kichwa kingine juu, kimesimama kama kilemba cha bwana harusi. Mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia na kilemba chake. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda miaka rudi. Anayeshindilia hivyo viazi siyo mtu wa Benki Kuu. Ni kijana wa kitaa, mshikaji wetu, anayelipwa kwa gunia na jioni anakuja kijiweni kulalamikia mafisadi. Kondakta akimwona mgeni katokea Iringa na begi lake, nauli inapanda hapohapo bila kikao. Muuza mchele ana debe lililobonyezwa chini kwa nyundo. Fundi cherehani kila suruali anabakiza kipande, na mwisho wa mwezi mwanawe ana kaptula mpya.

Punje, punje, punje.

Na wote tukiona katuni asubuhi tunasema, "Huyu panya ni sisi." Mzee aliuliza mahindi ya nani, na mpiga debe hakujibu. Nadhani alikuwa anahesabu.

Nafasi imekwisha, mhariri ananikodolea macho kama paka. Wiki ijayo tukijaaliwa namvaa Ndumilakuwili, yule mwenye vichwa viwili, maana nimegundua bado yuko mtaani na ana namba mbili za simu. Kama unaye wako, usinitajie jina. Nami nina wangu.